Anayechora Mistari kwa Majivu

Jua halijachomoza Diff na kijana huyu tayari yuko uwanjani na jembe. Halimi, anakwaruza. Anarudi kinyumenyume akiiburuta ncha ya jembe mchangani, macho kwenye kamba aliyoifunga baina ya vigingi viwili, na pale jembe linapopita panabaki mfereji wa upana wa vidole vitatu. Kisha anachukua ndoo na kumimina majivu mferejini, kidogo kidogo, kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi wa wageni. Nilimuuliza kwa nini asiyamwage juu juu tu, kama sisi tulivyozoea kumwaga chokaa Garissa. Akanitazama kwa upole wa mtu anayezungumza na mgeni.

"Adeer, upepo wa saa nne utayabeba yote. Yakiwa ndani ya shimo yanakaa mpaka jioni."

Majivu anayapata kwa akina mama wanaouza chai. Usiku wakizima meko humwekea yaliyopoa kwenye madebe, naye huyapitia baada ya swala ya alfajiri. Kuyachanganya na maji yashike hakufikiriki, kwa kuwa maji Diff yana kazi nyingine. Uwanja mzima unakula ndoo tisa. Milingoti ya goli ni miti ya mgunga, na wavu ukikosekana, ugomvi wa kama mpira ulipita ndani au nje ya mlingoti humalizwa na mzee aliyekaa nyuma ya goli kwenye kiti cha plastiki. Anayechora mistari halipwi. Mama wa majivu halipwi, wala mzee wa kiti.

Nimefunza marefa na wasimamizi wa mashindano kwa miaka mingi, na katika makabrasha yote niliyowahi kuyabeba hakuna ukurasa unaomtaja mtu wa namna hii. Tuna kurasa za nahodha, za kocha, za kamati ya nidhamu, za itifaki ya kumpokea mgeni wa heshima. Yule ambaye bila yeye hapachezwi chochote, tunamwita "vijana wa kusaidia" na kumsahau pamoja na wenzake katika sentensi ya mwisho ya hotuba.

Diff ni mojawapo ya wadi saba za Wajir Kusini, mji uliokaa ubavuni mwa mpaka wa Somalia. Ukitaka kujua ari ya michezo inatoka wapi hasa, usianzie uwanja wa Kasarani, Nairobi. Kasarani kuna taa, kamera, fulana za rangi na cheti. Mtu anaweza kujitolea Kasarani kwa sababu kumi. Diff zimebaki moja au mbili, na ndiyo maana zinaonekana vizuri.

Kwanza tueleze mzigo huu uliwaangukiaje vijana. Michezo ya shule nchini Kenya hutembea kwa miguu ya mwalimu wa michezo. Ndiye anayesajili wachezaji, anayekagua vyeti vya kuzaliwa, anayekaa nao garini kutoka kaunti ndogo hadi kaunti hadi kanda, na ndiye anayelala mlangoni mwa bweni wanafunzi wakiwa ugenini. Kaskazini Mashariki walimu wengi walikuwa watu wa kutoka kaunti nyingine. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilishambuliwa na abiria 28 wakauawa, walimu wakiwemo. Tarehe 2 Aprili 2015 likaja shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 wakauawa. Februari 2018 walimu waliuawa Qarsa, Wajir. Januari 2020 watatu wakauawa Kamuthe, Garissa. Kila mara walimu wa nje waliondoka, wengine wakihamishwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, na kila mara shule zilibaki na mwalimu mkuu, walimu wachache wenyeji, na vijana waliomaliza kidato cha nne jana yake.

Wengi walihesabu madarasa yaliyokosa mwalimu wa hisabati au fizikia. Ilikuwa haki kuhesabu hivyo. Lakini pamoja na mwalimu wa fizikia aliondoka mwenye filimbi. Filimbi ikaokotwa na kijana wa miaka 19 anayefundisha kwa mkataba wa bodi ya shule, mshahara wake wenyewe ukisuasua, naye akawa kocha, refa, daktari wa misuli na mlezi. Hakuna aliyemteua. Nikitembea viwanja vya kaunti hizi tatu nakutana na kizazi kizima cha viongozi wa michezo ambao barua ya kuteuliwa hawajawahi kuiona.

Mwaka 2015 baada ya shambulio la chuo kikuu kuliwekwa kafyu ya saa kumi na mbili unusu jioni hadi saa kumi na mbili unusu asubuhi katika Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Anayejua joto la huku anajua kwamba mpira hauchezeki kabla ya alasiri. Ukiondoa swala ya alasiri mwanzoni na kafyu mwishoni, unabaki na muda unaotosha mechi moja bila dakika za nyongeza. Vijana wakapunguza vipindi, wakaacha mapumziko, wakacheza. Kocha mmoja aliniambia wakati ule ndipo alipojifunza kuangalia saa kuliko kuangalia mpira. Kwangu huo ni uongozi: kujua lini mchezo lazima uishe, na kuwa na uzito wa kuumaliza.

Sasa tuje kwenye neno motisha. Kiswahili chetu kimelichezea vibaya. Kamusini motisha ni kile kinachomsukuma mtu kutenda. Ofisini motisha ni bahasha. Ukisikia "vijana wapewe motisha", anayezungumza anamaanisha shilingi mia tano na soda. Tukabaki na ari na moyo kwa ile nyingine, ile isiyotiwa ndani ya bahasha, na kwa kuwa haina bahasha haina pia mstari kwenye bajeti.

Niliwahi kuvuna matunda ya mchezo huo wa maneno. Mwaka mmoja, mjini Garissa, nilisimamia mashindano ya mabulla, yaani mitaa, pamoja na watu kumi na wawili waliojitolea. Hawakuahidiwa chochote ila chakula cha mchana, na siku zote nne walikuja wote. Mwaka uliofuata tukapata mfadhili, ambaye simtaji, akasema kila mmoja atapata mia tano kwa siku. Furaha tele. Jioni ya siku ya kwanza pesa zilizofika zikawa nusu. Nikagawa mia mbili na hamsini kila mtu, nikaeleza, nikaomba radhi. Kesho yake walikuja wanne. Katika hao wanne, mmoja alikaa kivulini hadi nilipomfuata. "Mwalimu," akaniambia bila hasira yoyote, "ile kazi ya mia mbili na hamsini niliimaliza saa nne."

Nilidhani ni utovu wa nidhamu. Nilikuja kuelewa baadaye, niliposoma kazi ya wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, iliyochapishwa mwaka 2000. Waliwachukua wanafunzi wa sekondari nchini Israeli waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kukusanya michango ya hisani. Kundi la kwanza waliambiwa tu umuhimu wa kazi hiyo. La pili waliahidiwa asilimia moja ya watakachokusanya, na la tatu asilimia kumi, na pesa hizo hazikutoka kwenye michango yenyewe. Waliokusanya zaidi ni wale wasiolipwa kitu. Wa asilimia kumi wakafuata. Wa asilimia moja wakashika mkia. Malipo madogo yalikuwa mabaya kuliko kutolipa kabisa, kwa kuwa yalibadilisha swali kichwani mwa kijana: kutoka "hii kazi ina maana gani?" hadi "hii kazi ina thamani ya shilingi ngapi?" Na jibu la swali la pili lilikuwa dogo, la kumvunjia mtu heshima.

Mimi sikuwapunguzia vijana wangu mia mbili na hamsini. Niliwapandisha kwanza kwenye mizani ya soko, halafu nikawaonyesha kuwa ni wepesi.

Kwa jirani zetu, kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab, mizani hiyo imefanywa mfumo. Kambi zile zimekuwapo tangu 1991, na wakimbizi wanaofanya kazi kwenye mashirika, walimu, wakunga, wakalimani, makocha wa watoto, kwa muda mrefu wamelipwa kile kinachoitwa insentivu: kiasi kidogo kisichohesabiwa kuwa mshahara. Mtu anafanya kazi ya kutwa, anawajibika kwa saa na kwa ripoti, na jina la kazi yake ni kujitolea. Nawaheshimu sana waliodumu humo. Lakini neno lenyewe limechafuka. Ukimwambia kijana aliyekulia kambi ya Ifo au Hagadera ajitolee kwenye mashindano, anasikia "ajira ya bei rahisi", na hakosei.

Kwa hiyo nisidhaniwe natetea kazi ya bure. Kuna tofauti kati ya ujira na gharama, na wasimamizi wengi huichanganya, wengine kwa makusudi. Nauli ya kijana kutoka Diff hadi Habaswein haina uhusiano wowote na ari yake. Vivyo hivyo maji, chakula, vocha ya simu anayopigia timu sita, na matibabu akipigwa na mpira usoni. Hizo ni gharama, na zirudishwe zote, kwa senti, siku hiyo hiyo. Usiahidi usichokuwa nacho mkononi. Ujira ama uwe ujira kamili wa kazi kamili, ama usitajwe. Yanayotuua ni yale ya katikati, ile nusu posho inayotolewa kwa mbwembwe, na picha ikapigwa juu yake.

Na picha zinapigwa. Kila uchaguzi ukikaribia, kaskazini huota vikombe kama majani baada ya mvua. Kombe la mheshimiwa huyu, kombe la mheshimiwa anayetaka kiti cha huyu. Jezi zinafika usiku wa kuamkia fainali, sura ya mtu kifuani, na mipira miwili ambayo mmoja unatoboka kwenye mwiba wa mgunga kabla ya nusu fainali. Sizichukii jezi, nimeona vijana wakivaa fulana za mitumba zilizogeuzwa ndani nje ili timu ionekane ya rangi moja. Ninachokichukia ni kwamba kamati iliyoendesha ligi mwaka mzima husukumwa pembeni wiki ile, wanakuja watu wenye magari na orodha zao, na wakiondoka huacha kamati iliyojifunza kwamba shughuli kubwa si zao. Inachukua misimu miwili kuwarudisha. Uchaguzi wa Agosti 2027 hauko mbali.

Linganisha na kilichoanzishwa Mathare, Nairobi, mwaka 1987. Mkanada Bob Munro alikuta watoto wakicheza kwa mpira wa makaratasi, na Chama cha Michezo cha Vijana cha Mathare, MYSA, kikaanzia hapo. Wengi huko kwetu hukitaja kwa sababu ya Mathare United, timu iliyozaliwa humo mwaka 1994 na kutwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Siri yake lakini iko chini zaidi. Timu iliyotoka kuzoa takataka na kuzibua mitaro ya mtaa ilipata pointi, na pointi hizo ziliingia kwenye msimamo wa ligi ile ile ya mabao. Aliyefunza wadogo, aliyechezesha mechi, aliyesafisha, alikusanya alama zilizoweza kumlipia karo. Refa alikuwa na kadi ya kijani ya kumtuza mchezaji mwungwana, mbali na ile ya manjano na nyekundu. Na waliopitisha maamuzi kwenye mabaraza ya chama walikuwa vijana wenyewe, wengi hawajafika miaka ishirini.

Msomaji ataniambia: si hayo pia ni malipo? Alama zinageuka karo. Ni kweli, na hapa ndipo nadharia nyingi za motisha hujikwaa zikidhani pesa ni sumu popote iingiapo. Tofauti iko kwenye nani anashika daftari. Karo ile ilifuata heshima, haikuitangulia. Ilitolewa kwa rekodi iliyoandikwa na wenzako, kwa kanuni iliyojulikana tangu Januari. Kijana wa Mathare aliweza kuhesabu mwenyewe alipofika. Vijana wangu wa Garissa walilazimika kusubiri uso wa mfadhili jioni wausome.

Haya ndiyo ninayoyashikilia baada ya miaka yote hii: mtu haachi kujitolea kwa kuwa amechoka au amekosa pesa, ingawa hiyo ndiyo sababu atakayokupa kwa adabu. Anaacha siku anapogundua kwamba hakuna kitu anachokiamua. Mpe eneo lake, hata liwe dogo kama mstari wa pembeni, muache aliamue, na uwe tayari kumtetea hata akikosea mbele ya wakubwa. Atarudi. Mnyang'anye uamuzi huo mara moja hadharani, na bahasha haitamrudisha.

Jioni ile Diff niliona jinsi inavyokuwa pale uamuzi unapobaki kwa mwenyewe. Ilikuwa nusu fainali, bulla mbili ambazo sitazitaja, sare ya bao moja kwa moja, adhana ya magharibi ikiwa karibu. Refa, kijana wa kidato cha nne mwaka juzi, akaona mkono ndani ya boksi. Penalti. Nusu ya watazamaji waliona bega. Mistari ya majivu ikamezwa na miguu ndani ya nusu dakika, na kwenye mji wa mpakani, ambako kila mtu anajua binamu wa kila mtu, ugomvi wa bega na mkono una uwezo wa kusafiri mbali usiku.

Nahodha wa timu iliyopewa penalti alikuwa kijana mfupi, beki, mwenye njumu za kuazima. Niliona akizifunga kwa kipande cha mpira wa tairi. Alikwenda akauchukua mpira kutoka nukta ya penalti. Nilidhani anaupeleka kwa refa. Akatembea nao hadi katikati ya uwanja, akauweka chini, akaukalia.

Hakusema neno. Mchezo hauwezi kuendelea mtu akiwa amekalia mpira, na watu hawawezi kupigana vizuri huku wakimtazama mtu aliyekaa. Wenzake wakamjia, akawaonyesha kwa mkono wakae. Wakaketi mmoja mmoja. Mzee wa kiti cha plastiki akajikokota kutoka nyuma ya goli, refa akaitwa, manahodha wakaitwa, na maslaha, usuluhishi wa kuketi pamoja, yakafanyika pale pale mchangani kwa dakika zisizozidi kumi: penalti inasimama kwa kuwa refa ameshaitoa, itapigwa kesho alasiri, pamoja na dakika tisa zilizobaki, uwanja mtupu kwanza. Kisha watu wakaenda kuswali.

Hakuna aliyemfunza yule beki. Amekulia katika jamii ambayo ugomvi humalizwa kwa watu kuketi, na akauleta ujuzi huo uwanjani. Sisi tunaofunza uongozi wa michezo tunamjazia nahodha kichwani hotuba za chumba cha kubadilishia nguo, kupiga makofi, kupaza sauti. Neno nahodha lenyewe lilitoka majini, kwa mwenye dhamana ya chombo na shehena ya watu wengine. Nahodha wa jahazi hakusifiwa kwa kelele. Alisifiwa kwa kujua lini kutua tanga.

Wajir inalijua hilo kuliko vitabu vyetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, koo zilipokuwa zikimwaga damu, kundi la wanawake, Dekha Ibrahim Abdi miongoni mwao, walianza na jambo dogo ajabu: soko. Kila mama, wa ukoo wowote, aweze kuuza na kununua bila kufukuzwa. Wakaweka wenzao wa kuangalia na kamati ya kutatua. Kutoka sokoni wakawafikia wazee, na mwaka 1993 likaja Azimio la Al-Fatah. Baadaye ikaundwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Dekha alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki Julai 2011 baada ya ajali ya barabarani. Naangalia kazi ile kwa jicho la mtu wa mashindano na kuona kanuni ile ile: hawakuanza na amani ya kaunti nzima, walianza na eneo lenye mipaka, wakalisimamia wenyewe.

Kwa jirani zetu wa Marsabit, wakili Fatuma Abdulkadir Adan, aliyeanzisha shirika la HODI mwaka 2003, alichukua kandanda yenyewe baada ya mauaji ya Turbi ya Julai 2005. Wavulana waliokuwa na umri wa kupewa bunduki walipewa mpira, na timu zikachanganywa makabila. Kuchanganya ndiko kulikokuwa kugumu. Timu ya ukoo ina ari ya bure, inakuja nayo kutoka nyumbani, na kila mwandaaji hutamani kuitumia kwa sababu inajaza uwanja. Nimewahi kuitumia. Uwanja ulijaa, na sikutamani kurudia. Ari ya bulla iliyochanganyika huchelewa, lazima ijengwe mechi kwa mechi, ila haihitaji polisi fainalini.

Kuhusu wasichana nitasema kwa ufupi, kwa kuwa jambo ni rahisi kuliko linavyofanywa. Kila semina huuliza namna ya kuwatia moyo. Hawakukosa moyo. Walikosa nguo, saa na ukuta. Katikati ya miaka ya 2000, UNHCR na Nike walipoamua kuwauliza wasichana wa Dadaab wenyewe mavazi ya voliboli yaweje, walibuni ya kujisitiri na kuruka, wakacheza. FIFA ilihitaji hadi Machi 2014 kuruhusu hijabu uwanjani, na shirikisho la mpira wa kikapu duniani hadi 2017. Wasichana wa Garissa hawakuwa wakisubiri kutiwa moyo miaka yote hiyo. Walisubiri sheria iwafikie. Na mama anayekaa mlangoni mwa kiwanja chenye ukuta, akijua nani aingie na nani asiingie, ni kiongozi wa mashindano kuliko mwenyekiti.

Agosti 2025 Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, na vijana wengi walijitolea. Mashabiki waliingia Kasarani bila utaratibu, shirikisho la soka la Afrika, CAF, likaipiga Kenya faini na kupunguza idadi ya watazamaji. Mwaka 2027 ni zamu ya Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON. Najua maandalizi yatakavyokwenda: fulana, beji, semina ya siku mbili hotelini. Olimpiki ya London mwaka 2012 iliwatumia watu kama 70,000 wa kujitolea na sifa zikavuma. Ile ya Rio mwaka 2016 ilisajili 50,000, na maelfu hawakuonekana tena baada ya siku za kwanza wakilalamikia chakula na saa ndefu. Hata walio mbele ya macho ya dunia huondoka. Ushauri wangu kwa wanaoandaa, kama watausikia: kabla ya kuchapisha fulana, tafuteni vijana kumi kutoka viwanja vya majivu, wawape darasa wale wa Nairobi kuhusu namna ya kuusimamisha umati bila rungu.

Mfano upo. Rose Nathike Lokonyen, aliyebeba bendera ya timu ya wakimbizi Rio, alitoka kambi ya Kakuma, na kabla ya kujulikana alikuwa akiandaa mashindano ya wenzake kambini. Siku ya majaribio alikimbia peku. Tegla Loroupe, aliyewafunza Rose na wenzake Ngong na kuwaongoza Rio, tangu 2003 alikuwa ameshawakimbiza wapiganaji wa Pokot na majirani zao katika mbio za amani. Watu kama hao hawatoki semina.

Kesho yake Diff niliamka mapema kuliko kijana wa majivu, au nilidhani. Nilimkuta ameshamaliza upande mmoja. Mbuzi walikuwa wamelala uwanjani, boksi la penalti limefutika lote, na yeye alikuwa akilipima upya kwa hatua, akihesabu kwa Kisomali. Dakika tisa tu za mchezo, nikamwambia, na nukta ya penalti ingetosha. Akasema penalti ikipigwa kwenye uwanja usio na mistari, watakaoshindwa watasema haikuwa mechi.

Penalti ilipigwa alasiri ile. Kipa akaidaka. Waliokuwa na haki ya kushinda wakafungwa dakika ya mwisho, na yule nahodha mfupi akavua zile njumu za kuazima na kumrudishia mwenyewe, aliyekuwa timu ya pili.

Nilipokuwa naaga, kijana wa majivu alinifuata garini na daftari lake. Ndani mna kila kitu: majina ya wachezaji, bulla zao, nani ameazima njumu za nani, akina mama waliotoa majivu na siku walizotoa. Nilijiandaa kuombwa pesa. Nilikuwa nazo mfukoni, nimeshazikunja. Akaniomba barua. Ya nini? Ya kuonyesha kwamba kazi hii ameifanya misimu mitatu. Muhuri, alisema, atautafuta mwenyewe kwa chifu.

Nikaandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, nikiwa nimeegemea boneti ya gari. Nikaandika jina lake, tarehe, na kwamba amekuwa msaidizi katika mashindano ya Diff. Akasoma polepole, kidole kikifuata maneno, kikasimama kwenye moja.

"Adeer, hapa. Si msaidizi. Andika msimamizi wa uwanja."

Nikakata, nikaandika upya, nikatia sahihi pembeni ya nilipokata.